Mtihani wa Majaribio Si Hukumu
Mtahiniwa wa Garissa uliyepata D+ katika mtihani wa majaribio, usiitupe karatasi yako. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hutazama matokeo ya KCSE yenyewe, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ ndiyo mlango wa shahada. Tunajua mmesoma kwa taabu: magaidi walipowaua walimu watatu Kamuthe Januari 2020, TSC, tume inayoajiri walimu, iliwahamisha walimu wengi na madarasa yakabaki matupu. Hilo ni deni la serikali, na ilipe kwa kuleta walimu. Wewe nawe, panga maswali uliyokosa kwa mada, rudia mada moja kila jioni, na usione haya kumuuliza mwenzako aliyeyapata. Novemba, mwezi wa KCSE, bado haijafika, jikaze.