Mgeni wa diskasi akae kando kwanza

Mama mmoja wa mtaa wa Buruburu hapa Nairobi ameniletea swali ambalo naona litawafaa wengi. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo, ana diskasi watano kwenye tangi la kioo sebuleni. Aliwanunua kwa pesa za kibarua alichofanya likizo nzima, na amewatunza mwaka mzima bila kumpoteza hata mmoja. Sasa binti mdogo wa nyumba hiyo analalamika kwamba tangi limepwaya. Anataka samaki dhahabu wawili, pamoja na "wale wa milia" aliowaona dukani. Pesa zilizobaki ni kidogo. Je, zinunue samaki wapya, ama tangi dogo la pembeni ambalo kijana anasisitiza lipatikane kwanza? Mama anaona tangi la pili ni anasa.

Mama, mimi niko upande wa kijana. Hebu nieleze.

Kwao diskasi ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Ni samaki bapa na wa mviringo kama sahani, na mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyempa jina la kisayansi la Symphysodon discus mwaka 1840. Maji ya kwao ni ya joto, laini, yasiyo na madini mengi na yenye asidi kidogo. Nyumbani huhitaji joto la nyuzi 28 hadi 30, mchana na usiku. Ni mpole, mwoga, na hula polepole kama mzee asiye na haraka. Tena ngozi yake imefunikwa na ute ambao si kinga tu. Makinda wakishaanza kuogelea huudonoa ute huo kwenye ubavu wa baba na mama, nao ndio chakula chao cha mwanzo.

Kwa hivyo jirani wa diskasi ni yule anayevumilia joto hilo, asiyempokonya chakula, asiyemng'ata, na ambaye hatoshi kinywani mwake.

Samaki dhahabu wameanguka mtihani huo mapema. Wao hupenda maji ya baridi kuliko hayo, hula sana na huchafua maji upesi. Wale wa milia, kama ni wale wa milia minne myeusi ambao wauzaji huwaita taiga, wana tabia ya kutafuna mapezi ya wenzao. Diskasi akiandamwa hivyo hujificha pembeni, hubadilika rangi akawa mweusi na kuacha kula.

Wako pia samaki wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika, ambao ni fahari ya upande wetu huu wa dunia kwa rangi zao. Ni jamaa wa diskasi kiukoo, lakini maji yao ni magumu na yenye alikali, nao ni wagomvi. Ukoo si hoja hapa. Hata samaki malaika, yule wa mapezi marefu ambaye kwao ni Amerika Kusini vilevile, mimi simshauri mtu amchanganye. Hula haraka kumpita diskasi, na anaweza kubeba vimelea huku mwenyewe akionekana mzima kabisa.

Wanaofaa ni akina nani? Wa kwanza ni tetra kadinali, kijisamaki cha sentimita nne hivi chenye mstari wa buluu unaong'aa na tumbo jekundu. Anatoka mto Negro huko Brazil, ambako familia za wavuvi humvua kwa mitumbwi na nyavu ndogo. Katika mji wa Barcelos, kando ya mto huo, kuna tamasha ambamo makundi mawili hushindana kwa ngoma na mavazi, moja likiitwa Kadinali na lingine Diskasi. Ndani ya tangi hawana ushindani wowote. Usimchanganye na ndugu yake aitwaye neoni, ambaye wanafanana sana lakini yeye hupenda maji yenye joto la chini. Mwangalie tumbo: wekundu wa kadinali huanzia kichwani hadi mkiani, wa neoni huanzia katikati.

Tetra mwenye pua nyekundu anafaa pia. Kwa sakafu ya tangi kuna kambare wadogo wa jamii ya Corydoras, hasa Corydoras sterbai ambaye joto halimsumbui. Hao wote ni wa kundi, hivyo usinunue wawili wawili. Wale kambare wa kunyonya vioo uwe nao macho. Baadhi yao wakikua huwaganda diskasi usiku na kunyonya ute niliousema. Yule wa Ancistrus, mwenye vijindevu puani na asiyekua sana, ni afadhali.

Mama hakuniandikia tangi lina lita ngapi, na hilo ni muhimu. Diskasi mkubwa hufika sentimita 15 na zaidi, na wafugaji wengi humhesabia kila mmoja lita 40. Watano ni lita 200. Ikiwa tangi ni la kiasi hicho, halijapwaya hata kidogo, na huenda kadinali kumi ndio mwisho wa safari.

Sasa tuje kwenye tangi la pembeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa diskasi mambo hugeuka: mgeni akiingia bila kuchunguzwa, mwenyeji ndiye huugua. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa diskasi walikumbwa na maradhi waliyoyaita tauni ya diskasi. Samaki walikuwa weusi, wakatoa ute mwingi na kujikusanya kona moja, na matangi mazima yakaangamia. Waliopona waliweza kuonekana wazima na bado wakawaambukiza wenzao.

Dukani, usimtazame samaki unayemtaka peke yake. Tazama tangi lote. Kama kuna maiti inaelea ama mmoja anahema mbiombio, rudi nyumbani na pesa zako. Mwombe muuzaji awape chakula ukiona. Uliza wameingia lini, na kama matangi yote ya duka yanatumia maji ya chujio moja, kwa sababu hapo ugonjwa wa tangi moja ni wa yote.

Ukishafika nyumbani, mgeni akae karantini wiki nne hadi sita. Wala si lazima liwe tangi la kioo. Sanduku la plastiki safi la lita 50 lenye kifuniko linatosha, mradi halijawahi kutiwa sabuni wala dawa. Tia hita isiyogusana na plastiki, kipimajoto, pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji, pamoja na kipande cha bomba la maji ili wageni wajifiche. Changarawe haina kazi hapo. Sponji ianze kufanya kazi ndani ya tangi kubwa mwezi mmoja kabla, ili ipate bakteria wa kuimaliza amonia. Ikishatumika kwa wageni, isirudi.

Wavu, ndoo na mrija wa karantini viwe vyake peke yake. Hudumia tangi kubwa kwanza, kisha la wageni, halafu unawe mikono. Kila siku tazama: kinyesi cheupe chenye kuning'inia kama uzi, kuhema kwa upande mmoja wa matamvua, kujisugua kwenye bomba, madoa meupe kama chembe za chumvi. Akifa mmoja, ama ukiongeza mwingine, hesabu ya wiki ianze upya.

Dawa usitie kwa kubahatisha. Metronidazoli, ambayo nyumba nyingi zinaijua kwa maradhi ya tumbo, huwatibu samaki wenye vimelea vya utumbo, lakini hupimwa kwa lita za maji, si kwa makisio ya kidonge. Muulize daktari wa mifugo. Chumvi nayo huwaudhi wale kambare wadogo.

Katika wiki mbili za mwisho, wafugaji wazoefu humtoa diskasi mmoja wa tangi kubwa wakamweka na wageni. Inauma kumchagua huyo mmoja. Lakini kuna maradhi ambayo hayajitokezi mpaka wageni wakutane na wenyeji, na ni heri yamkute mmoja kuliko watano.

Maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo tumia dawa ya kuiondoa, na yapashe moto yalingane na ya tangi kabla ya kumimina. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana alikali na floridi nyingi, yapime kwanza. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na katika mji ulio juu hivi upungufu huo huzidi, ndiyo maana sikuiacha pampu. Nunua ile inayoweza kutumia betri. Stima ilipopotea nchi nzima Agosti 2023, waliokuwa nayo, na blanketi la kufunika tangi, walikuwa na usiku mwepesi kidogo.

Binti mdogo naye asiachwe nje. Anunuliwe daftari, na yeye ndiye awe wa kuandika kila jioni joto la maji, nani amekula na nani amekataa. Pesa zikibaki baada ya sanduku, hita na sponji, kadinali wa kwanza wawe kumi, na yeye ndiye awachague dukani.