Tumewafunga midomo, sasa twawadai alama

Kila muhula wa tatu ukiingia, kaunti ya Taita Taveta hufanya ibada ile ile. Shule hualika msemaji wa kutia moyo, mchungaji huziombea kalamu na rula, mheshimiwa hufika na hotuba ya basari, na watahiniwa hupigishwa makelele kwamba wanaweza. Mtoto aliyeambiwa "nyamaza" miaka nenda miaka rudi anapewa wiki moja ya kujiamini! Kisha matokeo yakitoka mabaya, tunashikana mashati kuulizana ni nani aliyeiangusha kaunti.

Tumeiangusha sisi wenyewe, na tulianzia gredi ya 1.

Keti nyuma ya darasa usikilize. "Moyo husukuma da...?" Darasa zima: "...muuu!" "Tuko pamoja?" "Ndiyooo!" Kipindi kinakwisha, watoto hamsini wamejaza silabi, na hakuna hata mmoja aliyetamka sentensi yake mwenyewe. Nimeyaandika kwa Kiswahili ili msomaji acheke. Darasani huwa ni Kiingereza, na hapo kicheko kinakatika, maana aliyeitikia "ndiyo" huenda hakujua ameulizwa nini.

Mtoto huyo si bubu. Jioni yuko sokoni Voi akimsaidia mamake kuuza nyanya, anapatana bei kwa Kiswahili na Kikamba, chenji anairudisha bila kikokotoo. Mwenzake wa Sagalla anajua ndovu wametokea upande gani wa Tsavo usiku, na anaweza kukueleza kwa nini mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye ua huwafukuza: waya ukitikiswa nyuki wanatoka, na ndovu anawaogopa. Hiyo ni sayansi ambayo watafiti wameifuata hadi Sagalla kutoka mbali. Lakini somo la wanyama likifika, mtaalamu huyu anainamisha kichwa. Anaogopa kukosea Kiingereza, kwa hivyo ndovu wake anabaki naye.

Na akithubutu kusema kwa lugha ya kwao? Anaandikwa jina. Kiranja ana karatasi, na mwisho wa wiki karatasi hiyo ina malipo: viboko. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikakazia, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka adhabu kwa mwalimu anayevunja amri hiyo. Waulize watoto kama habari hizo zimefika kwao.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sera haikuagiza upuuzi huu. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, msimamo wa serikali ni kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo la shule. Milimani, Wundanyi kwa mfano, ni Kidawida, lugha ya Wataita. Mjini Voi, mji wa reli ambao kila kabila lilishukia, ni Kiswahili, wala hakuna haja ya kamati kulijadili. Mtaala wa umilisi nao umeorodhesha kujiamini miongoni mwa umilisi wake wa kimsingi. Tumeyaandika vizuri, tukayatundika ofisini, tukaenda darasani kuyavunja.

Mzazi ataniambia: mwanangu anataka kazi, mpe Kiingereza. Namwelewa. Lakini Kiingereza hakiingii kwa mtoto asiyefungua mdomo. Kule Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza wakakisoma kama somo kutoka kwa mwalimu aliyekimudu. Walifanya vizuri kuliko wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe. Na jirani zetu Tanzania? Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, anabishana na mwalimu vizuri tu. Akiingia kidato cha kwanza lugha inageuzwa kuwa Kiingereza, darasa linazizima. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelipigia kelele jambo hilo kwa miaka.

Simtupii mwalimu mzigo wote. Mwanagenzi wa sekondari ya msingi aliyeajiriwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, aliyepangiwa masomo ambayo hakuyasomea, naye anaogopa kuulizwa swali. Woga wake ndio unaozaa zile silabi za kujazisha: swali la kweli lingemfichua. Tume ya Huduma za Walimu inajua hivyo, na wabunge wanajua pia. Basari zao huja mtoto akifika sekondari, ilhali shirika la Uwezo, lililoanza kupima watoto mwaka 2009, lilituonyesha mara kwa mara kwamba wengi hawawezi kusoma hadithi iliyo chini ya darasa lao. Basari haimfufui aliyepotea gredi ya 3.

Kwa hivyo, walimu wakuu wa Voi, Mwatate, Taveta na Wundanyi, muhula ujao msimwalike msemaji. Chaneni ile karatasi ya kiranja. Gredi ya 1 hadi 3 ifundishwe kama sera inavyotaka, na afisa wa elimu akifika kulalamika mwonyesheni sera yake. Mwalimu akiuliza swali, angoje. Jibu likiwa la makosa, liandikwe ubaoni darasa zima lichambue limekosea wapi, bila kumcheka aliyelitoa. Na lile bango langoni linaloamuru Kiingereza tu, ling'oeni. Mbao zake zitatosha kukarabati dawati moja.