Kabla ya kuiongezea Vitz nguvu, hesabu mikanda yake

Jumapili jioni, baba mmoja wa watoto wawili, mkazi wa Mbezi jijini Dar es Salaam, alimpa mkewe simu asome ujumbe wa fundi: "Bosi, injini ya cc 1300 ipo na giaboksi yake. Tukiweka na spesa na rimu pana, hiyo Vitz hutaitambua. Andaa milioni tatu."

Mke, mjamzito wa miezi saba, alisoma hadi mwisho, akamrudishia simu.

"Baba watoto, hiyo injini itaongeza na kiti?"

Mume alicheka, lakini jibu hakuwa nalo. Milioni tatu walikuwa wameziweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na mtoto wa tatu alikuwa amebakiza miezi miwili kuzaliwa.

Gari lao ni Toyota Vitz ya cc 1000, aina ambayo familia nyingi huanza nayo. Inakula mafuta kidogo, vipuri vyake vinapatikana kila kona, na fundi yeyote anaijua. Hapa mjini haijawahi kuwaaibisha. Aibu ilitokea Desemba, wakati wakimrudisha bibi Iringa.

Katika mlima Kitonga gari lilipanda kama linasukumwa kwa mkono. Mshale wa joto ulianza kupanda, lori nyuma likapiga honi, na baba akaapa moyoni kwamba safari nyingine hatapanda mlima ule na injini ile.

Mama naye ana kumbukumbu yake ya Kitonga, ila yake ni ya kurudi. Wakiwa wanateremka, breki zilianza kutoa harufu ya kuungua, na mume akasema ukanyagio unazama kuliko kawaida. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amelala mapajani mwake, kiti cha mbele.

Safari ni moja, lakini baba aliogopa wakati wa kupanda na mama wakati wa kuteremka. Gari lisilo na nguvu mlimani litawachelewesha. Breki zikishindwa kwenye mteremko, hakuna wa kuwasubiri huko mbele.

Uzito kwanza, injini baadaye

Kabla ya kulaumu injini, familia inafaa ipige hesabu ya mzigo. Huko Japan, gari hili linakotoka, abiria mmoja huhesabiwa kilo 55 wakati wa kuandikisha gari. Kwa watu watano ni kilo 275.

Siku ile kulikuwa na baba wa kilo 82, mama kilo 70, bibi 65, dada wa kazi 58, na watoto wawili wa kilo 22 na 14. Jumla ni kilo 311. Ukiongeza mchele kilo 50 na mabegi yasiyopungua kilo 30, unapata kilo 391. Gari lilizidishiwa zaidi ya kilo 100, halafu likaambiwa lipande Kitonga.

Injini kubwa ingewafikisha juu mapema. Lakini mikanda ingebaki mitano kwa watu sita, na breki zingebaki zilezile, diski mbele na ngoma nyuma, zilizopangwa kwa gari dogo. Gari linaloongezwa mwendo bila kuongezwa uwezo wa kusimama linakuwa hatari zaidi kuliko lilivyokuwa.

Mapajani si kiti

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari hadi nusu.

Wazazi wengi huamini mikono ya mama inatosha. Haitoshi. Gari likigonga kitu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, aliye ndani bila mkanda anaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani jengo la ghorofa tatu hivi. Mtoto wa kilo 10, kama atasimamishwa ndani ya nusu mita, anavuta kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mzazi anayeweza kuushika mzigo huo ghafla, na mama ambaye naye hajafunga mkanda humbana mtoto kwa uzito wake mwenyewe.

Kumfunga mtoto na mama mkanda mmoja pia ni kosa, kwa sababu mwili wa mama utamsukuma mtoto kwenye mkanda. Buti nako si mahali pa kukaa mtoto hata kama shule ni karibu. Katika magari haya madogo, kati ya buti na bampa ya gari la nyuma kuna mlango tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ni rahisi: watu tunaosafiri nao kila siku ni wangapi, na mikanda inayofanya kazi ni mingapi? Mzazi aende kwenye gari avute kila mkanda kwa nguvu na kwa ghafla. Unaokamata ni mzima. Usiokamata, au uliozama chini ya kiti miaka mingi, hauhesabiwi.

Marekebisho yanayogusa afya

Si kila badiliko ni baya, ila mengine yana gharama ambayo fundi haandiki kwenye bajeti.

Kunyanyua gari kwa spesa husaidia kwenye barabara mbovu, lakini gari likiwa juu huyumba zaidi kwenye kona, na tairi zinaweza kuliwa upande mmoja. Tairi kubwa kuliko za kiwandani huidanganya dashibodi. Mzunguko wa tairi ukiongezeka kwa asilimia 5, mshale ukionyesha 80 gari liko kwenye 84.

Bomba la moshi ndilo linalopaswa kuwaogopesha wazazi zaidi. Baadhi ya vijana hutoa masega, kile kichujio kilichomo ndani ya bomba, ili gari lingurume na lionekane jepesi. Kazi mojawapo ya masega ni kupunguza gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Bomba likivuja, na mlango wa nyuma ukiwa na mpira uliochakaa, moshi huingia ndani walikokaa watoto. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika upesi. Dalili ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi usio wa kawaida. Wazazi wengi watasema mtoto "anachafukwa na gari". Kama dalili huanza ndani ya gari na kuisha akishuka, bomba likaguliwe kabla ya safari nyingine. Akilegea sana au asipoamka vizuri, atolewe kwenye hewa safi na awahishwe hospitali.

Kubadili injini kuna na makaratasi yake. Kadi ya gari imeandikwa namba na ukubwa wa injini, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA, na kampuni ya bima iarifiwe. Gari lisilofanana na kadi yake linaweza kumletea mwenyewe kesi siku ya ajali.

Fedha zianzie wapi

Kama idadi ya watu inatosha kwenye mikanda, mara nyingi gari halihitaji kubadilishwa. Linahitaji matengenezo, na yanapaswa kufuata mpangilio huu: breki na mafuta yake, tairi, shokapu, mikanda, rejeta, kisha kiti cha mtoto. Rimu za kung'aa zisubiri.

Tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umezeeka na una nyufa.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, dereva wa gari la otomatiki ashushe gia kwenda 2 au L kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kulizuia gari. Breki zikishikiliwa muda wote hupata moto na kupoteza nguvu. Harufu ya kuungua ni onyo la kutafuta mahali salama pa kusimama, zipoe.

Kiti cha mtoto kikae nyuma. Kile cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele kwenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka hupiga kiti upande wa kichwa cha mtoto.

Lini libadilishwe

Gari libadilishwe pale watu wa kila siku wanapozidi mikanda, viti vya watoto vinapokosa nafasi, au bodi inapokuwa imeoza au iliwahi kupinda kwenye ajali. Hayo hayatibiwi na injini yoyote.

Anayehamia gari kubwa asidanganywe na idadi ya viti kwenye tangazo. Sienta na Spacio zina safu tatu za viti, lakini mnunuzi akae mwenyewe safu ya mwisho, avute mikanda yake, aangalie kichwa chake kiko umbali gani na kioo cha nyuma. Pia ahesabu mafuta ya mwezi mzima. Gari la viti saba linalolala nyumbani kwa kukosa mafuta litawarudisha watoto kwenye bodaboda.

Walichoamua

Jumamosi iliyofuata, wanandoa wale walikwenda dukani na futi kamba. Viti viwili vya watoto, cha mchanga na cha wa miaka mitatu, viliingia nyuma ya Vitz. Katikati ilibaki nafasi ndogo. Mtoto wao wa miaka sita alijaribu kukaa, akashindwa kufikia kifungio cha mkanda.

Jibu lilipatikana hapo. Vitz itauzwa, ila si leo, kwa sababu milioni tatu hazitoshi kuongezea gari la viti saba. Mpaka hapo itaendelea kubeba watoto, hivyo wamekubaliana sehemu ya fedha iende kwenye breki, tairi mbili za mbele na viti viwili vya watoto. Zilizobaki zimerudi benki. Mtoto akizaliwa, safari za familia nzima zitakuwa mara mbili au kwa usafiri mwingine, na Desemba watakwenda Iringa kwa basi.

Jioni ile fundi alipiga simu.

"Bosi, ile injini niishikilie?"

"Hapana fundi, iuze tu. Wewe njoo kesho uniangalizie breki."