Sio viumbe wa angani, wasee: zungusheni LNB

Kila mara video ya "ishara kutoka angani" inaposambaa, simu yangu inajaa linki. "Umeona? Wamepiga tena." Wamepiga akina nani? Mimi nimechoka kusema ukweli, kwa sababu hadithi yenyewe ni tamu kuliko hiyo ya viumbe wa sayari zingine.

Kuna milipuko ya redio inayotoka mbali sana, mingi ikidumu milisekunde chache tu. Inaitwa FRB. Mingi husikika mara moja, basi. Michache hurudia. Wa kwanza kujulikana kwamba unarudia ni FRB 121102, ulionaswa na lile dishi kubwa la Arecibo kule Puerto Rico mnamo Novemba 2, 2012 (dishi lenyewe liliporomoka 2020, pole kwao). Chanzo chake kiko kwenye galaksi ndogo, umbali wa takriban miaka bilioni 3 ya mwanga. Huko kurudia ndiko kunakowapa watu wa YouTube ugali.

Sasa, polaraizesheni. Chuoni nililikariri hilo neno kwa ajili ya mtihani, na karo ikaniondoa mwaka wa pili kabla sijalielewa. Nilikuja kulielewa juu ya mabati Kayole, nikimbebea ngazi fundi wa dishi. Nilikuwa nimeelekeza dishi vizuri kabisa lakini picha inakatakata. Fundi akaniangalia tu. "Kijana, dishi liko sawa. Zungusha LNB." Nikaizungusha kidogo, picha ikatulia.

Hiyo ndiyo polaraizesheni. Wimbi la redio linaweza kutikisika wima, kwa mlalo au kwa mshazari, na ukilipokea kwa upande usiofaa unapata karibu bure.

Kwa miaka kadhaa walioisikiliza FRB 121102 kwenye gigahezi 1.4 hivi hawakuona polaraizesheni yoyote. Ungedhani haina. Halafu timu iliyoongozwa na Daniele Michilli, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu Amsterdam, ikasikiliza juu zaidi, karibu na gigahezi 4.5. Matokeo yakatoka Januari 2018: karibu asilimia 100!

Ilikuwa imejificha wapi? Wimbi likipita kwenye gesi yenye chaji na sumaku, upande wake wa kutikisika hupindwa. Frikwensi ikiwa chini, linapindwa zaidi. Urefu wa wimbi ukiwa mara mbili, mpindo unakuwa mara nne. Nimepiga hesabu kwa takwimu zao. Kwenye gigahezi 4.5 wimbi hilo lilizungushwa zaidi ya mara 70 njiani. Kwenye 1.4, zaidi ya mara 700! Mashine hukatakata frikwensi kwa vipande vidogo, na ndani ya kipande kimoja pande zilikuwa nyingi hadi zikafutana zenyewe. Polaraizesheni ilikuwepo, vipande ndivyo vilivyokuwa vinene.

Na ndani ya miezi saba mpindo ulipungua kwa takriban asilimia 10. Anga iliyo kati ya galaksi haibadiliki haraka hivyo. Ina maana kinachopinda kiko pale pale karibu na chanzo: sumaku kali, gesi inayosonga. Labda ni nyota ya nutroni ndani ya mabaki ya nyota iliyolipuka, labda iko jirani na shimo jeusi kubwa. Mwaka wa 2023 Reshma Anna-Thomas, naye mwanafunzi Marekani, na wenzake wakaonyesha kwamba FRB 20190520B mpindo wake uligeuka ukaelekea upande wa pili, kisha ukarudi. Niambieni kiumbe gani ana muda wa hayo.

Najua mtaniuliza, bei ya unga iko hivi, nyota ni za nini? Lakini angalieni ni kazi gani hii: dishi, LNB, kebo, programu. Ni kazi ambayo vijana wa mtaa wanafanya juu ya mabati kila wikendi. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika kwenye mradi wa darubini ya SKA, na mpango ulikuwa kugeuza dishi la simu la zamani pale Longonot liwe darubini ya redio. Ghana walizindua lao la Kuntunse 2017. Badala ya linki za viumbe, nitumieni habari za Longonot. Nataka kujua ni lini, na kama wanachukua watu wasio na diploma.

Nilimsimulia fundi haya yote. Akafikiria, akauliza, "Sasa hiyo LNB wanaizungusha namna gani, na mlipuko hauchukui hata sekunde?" Nikamwambia hawaizungushi. Wanarekodi wima na mlalo kwa pamoja, halafu kompyuta inatafuta mshazari baadaye.

"Kumbe," akasema. "Basi hawa hawapandi ngazi."