Mkunga Naye Hufanya Mazoezi

Maksai hafundishwi kukokota plau siku ya kulima. Hufundishwa mapema, kwa kukokota gogo, tena mara nyingi. Kazi ya mkunga nayo inataka mazoezi.

Mtoto akizaliwa hapumui, mkunga ana dakika moja tu. Humkausha mtoto na kumsugua mgongo. Asipopumua bado, humsukumia hewa kwa mfuko maalum. Kazi hii haifai kujifunzia kwa mtoto wa mtu. Kwa hiyo wakunga hujifunza kwa mwanasesere. Hujazwa maji ya vuguvugu, akawa mzito kama mtoto mchanga.

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianza mafunzo haya mwaka 2010. Wakunga walifundishwa kwa siku moja. Kwa mwanasesere walifanya vizuri. Lakini katika chumba cha kuzalia kazi haikubadilika. Mwaka 2011 wakaanza mazoezi mafupi hapo hapo kazini, mara kwa mara. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 11 walikufa siku ya kwanza. Baadaye walikufa 7.

Basi, kujifunza mara moja hakutoshi. Katika mkutano wa kijiji, ulizeni: Je, wakunga wetu wana mwanasesere? Hufanya mazoezi lini?

Na wewe mama mjamzito, nenda kituoni mapema. Mkunga awe hodari namna gani, hawezi kumsaidia mtoto aliyezaliwa njiani.