Syrah ya Kanda Ipi, Jamani?

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu Jumatatu asubuhi: Jumamosi tunaonja Syrah, kila mtu aje na chupa moja, na iwe ya kanda yetu. Tuko wanane. Kufikia saa sita mchana watu watano walishatangaza chupa zao, na zote zilikuwa za Afrika Kusini. Mmoja Stellenbosch, mwingine Swartland, wengine hata hawakutaja mji. Nikauliza, kanda ipi jamani? Nikajibiwa haraka: kwani Afrika Kusini si SADC? Kweli, ni SADC. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,500, na kutoka hapa hadi Dodoma, ambako Syrah inapandwa, ni kama kilomita 450 kwa barabara. Nikaandika kwamba mimi nitaleta ya Dodoma. Jibu likaja na vicheko: “Ndugu yetu anatuletea divai ya misa!”

Msomaji usiyekunywa, usiondoke. Ugomvi wangu hauhusu ulevi. Unahusu ulimi, yaani nani kaukodisha wa kwake na nani bado anao.

Tuanze na hilo neno lililorushwa kama tusi. Divai ni Kifaransa kilichovaa kanzu ya kanisa, na mvinyo tuliachiwa na Wareno. Zabibu za Dodoma nazo kweli zilianza na wamisionari wa Kikatoliki, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo divai ya misa ni sehemu ya historia yake, sikatai. Ila hata huko Ulaya, ni nani aliyetunza mashamba ya mizabibu karne kwa karne kama si watawa? Mtawa wa Burgundy akipanda mzabibu tunasema ni urithi, padri wa Bihawana akipanda tunacheka. Hicho kicheko hakitoki mdomoni mwa mtu aliyeonja. Kinatoka kwa mtu aliyesoma lebo.

Na lebo zenyewe zina hadithi zake. Syrah huitwa pia Shiraz, na kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba mzabibu huu ulitoka mji wa Shiraz, Uajemi, mji wa mshairi Hafez, ukapelekwa Ufaransa. Hadithi tamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wakapima vinasaba, wakakuta Syrah ni mtoto wa zabibu mbili za hapo hapo kusini mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Ni ya nyumbani kabisa.

Sisi wa pwani tunaijua hiyo tabia. Tumekua tukisikia nasaba za Kishirazi zikitajwa sebuleni kama hati ya heshima. Kwa watu, habari ni pana kuliko ya zabibu: utafiti wa vinasaba uliotoka 2023 ulionyesha kwamba wengi kati ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiajemi pamoja. Sibishani na nasaba ya mtu. Ninachosema ni kwamba tuna ugonjwa wa kukiheshimu kitu pale tu kinapoleta cheti cha mbali. Zabibu ilitungiwa Uajemi ipate hadhi. Na chupa inayoonekana ya maana mezani kwetu ni iliyopanda meli.

Basi nikaingia mtaani kutafuta. Supamaketi ya kwanza, kijana akaninyooshea kidole: “Za Dodoma ziko kule chini, karibu na maji.” Zilikuwapo kweli, nyekundu nyingi, karibu zote tamu kama juisi. Hakuna hata moja iliyosema ni zabibu gani. Duka la pili walikuwa nayo Syrah, imesimamishwa dirishani jua la saa nane likiipiga. Niliigusa, ilikuwa ya moto kama chupa ya chai. Mvinyo uliokaa hivyo umeshapikwa, na anayeununua ataenda kumlaumu mkulima wa Hombolo kwa kosa la mwenye dirisha. Niliipata duka la tatu, Sinza, kwa mama mmoja anayelaza chupa zake chumba cha nyuma, gizani. Aliniuliza, “Unataka ile isiyo na sukari? Wateja huwa wanairudisha.” Nikamwambia, mama, mimi sirudishi.

Hapa niwageukie watengenezaji, kwa sababu sikuja kupiga makofi. Andikeni jina la zabibu. Andikeni mwaka. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Rhône hawezi hata kuliota, na nyinyi mnalificha! Tuambieni ni mavuno gani. Makutupora Nyekundu, zabibu iliyozoea Ugogo, nayo itajwe kwa jina lake. Sukari mnayotia ili kumridhisha kila mtu ndiyo inayompa mwenye dharau ushahidi wake. Kenya wamepanda Shiraz Bonde la Ufa karibu na Naivasha, wakaupa mvinyo jina la Leleshwa, kichaka cha huko huko. Walau jina limesimama mahali pake.

Sasa twende kwenye ulimi. Vitabu vya mvinyo vinasema Syrah inanukia “blackberry”, urujuani na ngozi. Wenzangu huyarudia maneno haya kwa Kiingereza, macho wamefumba. Nikawauliza siku moja: nani hapa amewahi kula hilo tunda? Kimya. Lakini kuna harufu moja ya Syrah ambayo hatuhitaji kufundishwa na mtu: pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Pilipili manga tunailima Zanzibar na Muheza, tunaitia kwenye pilau. Halafu tunasubiri kitabu kituambie inanukiaje!

Kuna pia kile kinachokaza ulimi na ufizi. Wenyewe wanasema “tannins”. Sisi tunasema ukakasi, na kila mtoto aliyewahi kung’ata bibo analijua bila darasa. Tuna uchachu wa ukwaju na wa ubuyu. Tuna zambarau linaloacha ulimi mweusi. Na si leo tulipoanza: miongoni mwa tungo anazonasibishwa nazo Fumo Liyongo zimo za kuusifu mnazi na tembo lake. Lugha iliyosifu kinywaji karne hizo zote leo inaambiwa haina msamiati wa kuonja?

Jumamosi ikafika. Niliiweka chupa yangu kwenye friji nusu saa kabla ya kutoka, kwa maana ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu “kwa joto la chumba” uliandikwa kwenye vyumba vya mawe vya Ulaya, nyuzi 16 au 18, si Dar ya Februari. Mwenyeji akazivisha chupa zote mifuko ya kaki, akazipa namba.

Namba mbili ilikuwa na pilipili manga dhahiri. Nikajisemea, hii ndiyo yangu, nikaitetea kwa sauti. Namba sita nikaisema vibaya kidogo: zambarau lililoiva mno, ukakasi wa bibo, uchachu mfupi, ila inakaa vizuri na mishikaki. Dada mmoja akaipenda akasema lazima ni Swartland. Mifuko ilipotolewa, namba sita ndiyo ilikuwa ya Dodoma. Mimi mwenyewe niliikosa chupa yangu! Nilipaswa kujua, maana rotundoni hupungua kwenye joto, na Dodoma si kilima chenye baridi. Nilikuwa nimetafuta Rhône ndani ya Ugogo, kosa lile lile ninalowagombeza nalo wenzangu.

Lakini kilichonikera ni kingine. Yule dada aliposikia ni ya Dodoma alirudisha glasi mezani, akasema, “Aah, ndiyo maana ina utamu fulani.” Haikuwa na utamu wowote. Dakika tano nyuma alikuwa anaisifu. Na kaka mwingine, mzalendo wetu, ambaye alikuwa ameiacha glasi yake nusu, ghafla akaanza kuipigia debe. Wote wawili walibadili ladha baada ya kusoma karatasi.

Tunavifanyia hivyo hivyo vitabu vyetu. Riwaya ya Kiswahili hudharauliwa na wasioifungua na husifiwa na wasioimaliza, na mwandishi hapati anachokihitaji, msomaji wa kumwambia kwamba ukurasa wa arobaini umelegea na wa tisini umemliza. Uzalendo si ladha, na dharau nayo si ladha.

Kwa hiyo mwezi ujao ni zamu yangu kuwa mwenyeji. Kanda yetu itaanzia Dodoma na kupita Naivasha, na Afrika Kusini inakaribishwa kama mgeni. Chupa zitavaa kaki mpaka mwisho. Kila mtu ataandika alichokionja kabla hajaambiwa ni nini, kwa maneno ya vyakula alivyowahi kula, na haruhusiwi kufuta. Yule dada nimeshamwalika. Amesema atakuja, ila ameuliza kama anaweza kuja na ya Stellenbosch. Nimemwambia, karibu sana.