Kulima kwa Ajili ya Kitanda

Tulikuwa wanne kwenye mistari ya viazi, nje kidogo ya Elburgon: mwenye shamba, mama mmoja kibarua, kijana Mjerumani wa miaka ishirini na ushee, na mimi niliyekuja kutafuta mbegu nikaishia kuokota. Kijana alichimba kwa bidii ya kuhurumiwa. Kila jembe lilipotua, kiazi kimoja cha aina ya Shangi kilipasuka katikati, na kiazi kilichopasuka hakiingii guniani. "Kijana, anzia mbali na shina," mama alimwambia, akamwonyesha mara mbili. Kisha akanigeukia mimi, sauti chini: "Huyu analipwa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia halipwi. Anapewa chakula na mahali pa kulala.

Akatafakari huku akijaza debe. "Guka alikuwa hivyo kwa mzungu huko Njoro," akasema. "Lakini yeye alikuwa na mbuzi."

Mbuzi hao wa babu yake wamenikaa kichwani tangu siku ile.

Mpango uliomleta Mjerumani hauna fumbo. Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi jijini London, aliandaa wikendi ya kwanza ya watu wa mjini kwenda kufanya kazi kwenye shamba la kilimo hai huko Sussex, na hapo ukazaliwa mtandao wa WWOOF. Workaway, ulioanza 2002, ukaupanua utaratibu huo kwenye intaneti hadi hosteli, shule na nyumba za watu. Kawaida ni saa kama tano kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa chakula na kitanda. Mwenyeji hamlipi mgeni, wala mgeni hamlipi mwenyeji. Anayelipwa ni mtandao, kwa ada ya mwaka. Siku hizi wenyeji wa namna hii utawapata kuanzia Naivasha hadi Molo.

Ila katika Bonde la Ufa, kulima ili upate pa kukaa ni habari ya zamani. Enzi za ukoloni, walowezi wa kizungu walikuwa na maelfu ya ekari na mikono michache. Wakikuyu wengi walihamia Njoro, Molo, Elburgon na Naivasha na mifugo yao, wakapewa pa kujenga, pa kulima na pa kulishia, nao wakamfanyia mlowezi kazi. Wako waliodhani wamekuwa kama ahoi wa kwao, wanaokaa kwenye ardhi ya mwenzao kwa urafiki. Sheria ya 1918 ikawazindua: akaaye shambani kwa mzungu ni mfanyakazi, na anadaiwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku na kupunguza mifugo, na miaka ya 1940 siku zikafika 240 na kuzidi.

Faida ya skwota, kama walivyoitwa wakazi hao, ilikuwa mifugo, kwa sababu mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Ndiyo maana mifugo hiyo ilipoanza kuondolewa kwa nguvu katika miaka ya 1920, watu waliipa kampeni hiyo jina ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota hawa, ameonyesha jinsi kinyongo cha mashamba haya kilivyolisha Mau Mau.

Sisemi kwamba Mjerumani wetu ni skwota. Hayo yangekuwa matusi kwa guka. Kijana ana tiketi ya kurudi kwao, na chakula kikimchosha kesho asubuhi atapanda matatu hadi Nakuru bila kumwomba mtu ruhusa. Guka alikuwa na kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni kilichotokana na sheria ya 1915, ambacho mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake lini mtu ameingia kazini na lini ameachiliwa. Kuondoka bila saini hiyo kulikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Siku hizi, kwenye mtandao, mwenyeji humwandika mgeni na mgeni naye humwandika mwenyeji, na dunia nzima ikasoma. Kipande kimepata kurasa mbili.

Kinachonisumbua ni yule mama kibarua aliyekuwa mstarini. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mshahara ulipwe kwa sarafu ya Kenya, na kwamba nyumba, au pesa ya kodi ya nyumba, ni juu ya mshahara. Haisemi popote kwamba kitanda ni mshahara. Basi mwenye shamba akimwambia kijana wa Kuresoi, "Lima, nitakulisha na kukulaza," anavunja sheria. Akimwambia Mjerumani maneno yayo hayo, tunasema ni utalii. Uhamiaji nao wana neno lao: anayeingia kwa idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 ameingia kama mgeni, na kazi ya kujitolea nayo inahitaji kibali, hata kama hakuna shilingi inayolipwa. Nimekutana na wenyeji waliolisikia hilo kwangu kwa mara ya kwanza, wakanitazama kama mchawi.

Watetezi wa mpango huu hukimbilia methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere naye aliitumia mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa. Lakini jembe la siku ya tatu lilimfanya mgeni kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hana haja ya kuhesabiwa saa.

Hata hivyo, sitaki kumwonea mwenye shamba wa Elburgon. Ana ekari mbili, na mgeni wake alikula mayai matatu kila asubuhi na kupasua viazi mchana. Kwa hesabu ya jembe, alipata hasara. Faida yake ilikuwa mazungumzo ya jioni, na watoto wake wanaojua sasa kuhesabu hadi ishirini kwa Kijerumani. Kumwandama mtu kama huyo kwa vibali ni kupoteza mafuta ya gari la serikali. Shida iko kwenye mashamba yenye nyumba za wageni kando ya maziwa, ambako wanaojitolea hutandika vitanda, hupokea wageni wanaolipa na kupiga picha za matangazo. Hiyo ni kazi ya binti fulani aliyesomea hoteli, anayesambaza barua za maombi pale Nakuru.

Kipimo changu ni cha kienyeji: mwondoe mgeni kwa wiki moja. Shughuli zikiendelea kama kawaida, alikuwa mgeni anayejifunza, na aachwe ajifunze. Zikisimama, hiyo ilikuwa ajira, na iwe na mshahara. Australia, ambako wasafiri vijana walikuwa wakihesabiwa kazi za mashambani zisizolipwa ili waongezewe mwaka wa pili wa viza, ilikaza kamba mwaka 2015: tangu hapo inahesabiwa kazi iliyolipwa tu.

Tena kuna hili la wanafunzi wetu. Kijana wa kilimo kutoka Egerton, pale pale Njoro, akienda atachi, yaani mafunzo ya kazini, mara nyingi hujilipia chumba na nauli, na hakuna anayemwandalia mayai. Akibisha kwenye lango la shamba na kuomba kulima apate pa kulala, ataitwa shamba boi, kama hakufukuzwa na mbwa.

Tulimaliza mistari saa nane. Mwenye shamba akatoa simu aandike maoni kuhusu mgeni wake, akaniuliza "mchapakazi" atalisema vipi kwa Kiingereza. Kisha akavuta daftari la karatasi za mistari lililokunjamana, akatafuta jina la mama yule, akachora kijistari kimoja mbele yake kwa penseli. Vilikuwa vinne. Cha tano angekichora Jumamosi, siku ya malipo, kikatize vingine.